“Radical” si Ukali: Neno Lililomkosesha Shangazi Usingizi

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mhariri aliniomba niandike maoni juu ya msamiati, na nadhani alitarajia nimletee orodha ya vitawe, au majina ya wanyama na watoto wao, kama ilivyo ada ya ukurasa huu. Leo aniwie radhi. Nina deni la kulipa, na deni lenyewe ni la neno moja tu la Kiingereza: “radical”.

Kisa ni hiki. Mwaka jana, likizo ya Aprili, nilikuwa kwa shangazi yangu Kisauni, Mombasa. Binamu yangu husoma shule ya bweni huko bara. Sitaitaja shule hiyo, ingawa haina kosa lolote katika mambo haya, kama mtakavyoona. Alikuwa amerudi na ripoti ya muhula na alama zake hazikuwa haba. Lakini chini kabisa, pale mwalimu wa darasa anapoandika maoni yake, paliandikwa maneno matatu ya Kiingereza: “A radical thinker.” Basi, hakuna zaidi.

Sasa shangazi yangu Kiswahili anakijua mpaka cha ndani, lakini Kiingereza aliachana nacho akiwa msichana mdogo. Alingoja binamu yangu aende kuogelea, akaniita jikoni. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Akajifuta mikono, akaitoa ile karatasi kwenye bahasha.

“Baba, hebu nisomee hapa. Mwalimu wake amesema nini?”

Mimi kwa kujitia ujuaji sikufikiri hata kidogo. Nilikumbuka nilivyozoea kusikia katika taarifa ya habari, nikajibu kama mtu aliyemeza kamusi: “Anasema ni mtu wa itikadi kali, shangazi.”

Jamani, laiti ulimi ungekuwa na kifutio! Shangazi aliirudisha ile karatasi katika bahasha polepole, akaikunja bahasha mara mbili, akaitia kifuani. Nazi haikukunwa tena siku hiyo. Tulikula wali mkavu.

Wenzangu mnaotoka sehemu nyingine huenda mkacheka. Msicheke kwanza. Katika miaka ya 2014 na 2015 kule kwetu Pwani kulikuwa na vijana walioondoka nyumbani wakasemekana wamevuka kwenda Somalia, na wengine hawakuonekana tena. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, umri wa kaka na dada zetu. Redio ilitaja “itikadi kali” asubuhi, mchana na jioni. Kwa hiyo mama wa Kisauni akiambiwa mwanawe ni mtu wa itikadi kali, hahitaji kuelezwa maana. Anajua. Au anadhani anajua, na hapo ndipo penye makala yangu.

Shangazi aliniapisha nisimwambie binamu yangu. Kwa wiki tatu hakulala sawasawa. Alipekua begi la kijana akakuta kitabu cha Kemia na soksi ambazo hazijafuliwa tangu Februari. Ijumaa alisimama dirishani kuangalia mwanawe anasalimiana na nani akitoka msikitini. Simu aliiazima kila jioni, eti yake haina chaji. Shule zilipofunguliwa alimwambia kwamba mwaka huu anataka kumsindikiza, akiri kwamba hajapata kuiona bara vizuri. Wakapanda basi la usiku wote wawili. Kijana wa miaka kumi na saba anasindikizwa na mama yake mpaka lango la shule! Hebu fikiria aibu hiyo.

Mwalimu wa darasa alipoulizwa, kwanza alicheka. Alipomwona shangazi machozi yanamlengalenga, akaacha kucheka, akavuta kiti. “Mama,” akasema, “hayo yalikuwa maneno ya sifa.”

Akamweleza. Katika shule ile maji mabwenini yalikuwa yakiisha kabla ya alfajiri. Mwalimu aliwapa darasa kazi: andikeni mtakavyotatua shida hii. Karibu wote waliandika mambo ya ukali. Mifereji ifungwe kwa kufuli. Viranja walinde. Anayeoga mara mbili aadhibiwe. Mmoja alipendekeza ndoo zipigwe mihuri. Binamu yangu peke yake ndiye aliyeuliza: kwani hayo maji huwa yanaenda wapi? Jumamosi moja alilifuata bomba kwa miguu kutoka kwenye tangi mpaka bweni la mwisho. Akagundua kwamba bomba la mabwenini ni jembamba, limeunganishwa mwisho baada ya jiko na nyumba za walimu. Tena nyuma ya jiko palikuwa na kijisehemu cha nyasi mbichi za kijani kibichi, na ulikuwa wakati wa kiangazi ambapo uwanja mzima ulikuwa kahawia kama chapati. Akaandika: chimbeni hapa.

Hiyo ndiyo “radical thinker”. Mtu anayefuata jambo mpaka kwenye mzizi wake. Nami nilikuwa nimemtafsiria mama yake kinyume kabisa. Waliofikiri kwa ukali ni wale wa kufuli na mihuri!

Binamu yangu alipojua kisa kizima aliniambia neno moja tu kwa simu, nalo halichapishwi katika jarida la shule. Hakusema nami mpaka Agosti.

Niliporudi hapa nilimwendea mlezi wa chama chetu nikamweleza yote. Hakunikaripia. Alinielekeza maktabani kwenye kamusi kubwa ya Kiingereza, ile iliyotoka jalada, akaniambia nianze na asili ya neno, halafu nije na maoni. Niliyoyakuta ndiyo haya, nami nimeyachanganya na niliyochokonoa kwa walimu wa masomo mengine.

“Radical” limetoka katika Kilatini. Wao walikuwa na neno “radix”, yaani mzizi. Kutokana nalo Kilatini cha baadaye kikatengeneza kivumishi “radicalis”, kitu cha mzizi au chenye mzizi, na Waingereza wakalichukua mwishoni mwa karne ya 14. Hata neno lao la kawaida la mzizi, “root”, ambalo waliletewa na watu wa kaskazini ya Ulaya, ni binamu wa mbali wa hilo hilo “radix”. Figili, ile mboga nyekundu ya kuwasha ulimi, wao huiita “radish”, manake kinacholiwa ni mzizi. Wanaposema “eradicate” maana yake ni kung'oa na mizizi. Basi ukoo mzima uko chini ya ardhi.

Mwanzo kabisa neno hili halikuwa na vita na mtu. Waganga wa Ulaya wa zama za kati walisema kila mtu huzaliwa na unyevu wa mzizi, nao waliuita kwa neno hilo hilo la Kilatini. Waliufananisha na mafuta ya taa: joto la mwili huyatumia kidogo kidogo, na yakiisha utambi unazimika. Leo tunajua sivyo mwili unavyofanya kazi, lakini angalia neno lilivyotumika. “Radical” kilikuwa kile ambacho uhai wenyewe umesimama juu yake.

Na msidhani ni neno la wageni wa mbali. Limo katika ratiba yetu ya wiki! Jumatatu katika Biolojia tulipanda maharagwe kwenye pamba. Kile kinachochomoza kwanza kwenye mbegu, kikaelekea chini kabla ya jani lolote kuonekana, Kiingereza hukiita “radicle”, mzizi mdogo. Katika Kemia, Kidato cha Pili, sote tulikariri jedwali la radikali: salfeti, naitreti, kaboneti, amoniamu na wenzake. Nilizikariri kama mashairi bila kujua kwa nini zinaitwa hivyo. Kumbe mwaka wa 1787 Mfaransa Guyton de Morveau na wenzake walipokuwa wakipanga upya majina ya kemikali, waliita radikali ile sehemu ya asidi iliyo kama shina lake, inayoungana na oksijeni. Baadaye jina likahamia kwenye kundi la atomu ambalo huendelea kushikana pamoja hata mchanganyiko unapobadilika. Watu hubadilisha nguo, lakini ukoo unabaki.

Hisabati ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Ile alama tunayoichora juu ya namba kutafuta kipeuo, ambayo Kiingereza huita alama ya “radical”, ilichapishwa na Mjerumani Christoff Rudolff mwaka wa 1525. Lakini wazo la mzizi katika hesabu si la Ulaya. Karne ya 9 kule Baghdad alikuwapo al-Khwarizmi, ambaye kitabu chake ndicho kilichotupa neno aljebra. Yeye namba asiyoijua aliiita “jidhr”, yaani mzizi kwa Kiarabu, na namba hiyo ikizidishwa kwa yenyewe aliiita “mal”. Mnaisikia? Ni mali yetu hii hii! Kwa hiyo wakati mwingine mwalimu wa Hisabati akikupa skwea ruti, jua kwamba unatafuta mzizi wa mali. Watafsiri wa karne ya 12 walipokigeuza kitabu kile kuwa Kilatini, “jidhr” wakaliandika “radix”. Majirani zetu wa Tanzania, wanaofundishwa hesabu kwa Kiswahili katika shule za msingi, husema kipeuo cha pili. Ni neno zuri, ila mzizi umepotelea njiani.

Hata katika somo letu la Kiswahili tuko papo hapo. Mtihani ukikuambia ubainishe mzizi wa “wanaosomeshwa” unajibu “-som-” bila kusita. Na wataalamu wa Kiarabu huziita “radicals” zile konsonanti tatu zinazobeba neno. Chukua k, t na b: kitabu, katibu, maktaba, mkataba. Vokali zinakuja na kuondoka, viambishi vinabadilika, lakini zile tatu haziondoki.

Basi ukali uliingilia wapi?

Uliingilia kwa mlango wa siasa, na ilikuwa Uingereza. Mwaka wa 1797 mbunge Charles James Fox alitaka uchaguzi wa Bunge lao urekebishwe, naye alisema marekebisho yenyewe yawe “radical”. Alikuwa na sababu. Mahali palipoitwa Old Sarum, palipokuwa kilima na nyasi na karibu hakuna mtu anayeishi, palikuwa na wabunge wawili. Mji wa Manchester, uliojaa viwanda na watu, haukuwa na mbunge wake hata mmoja. Ungetibu jambo kama hilo kwa nini? Kwa kupaka rangi? Tarehe 16 Agosti 1819 watu wapatao 60,000 walikusanyika katika uwanja wa St Peter's huko huko Manchester kudai haki ya kuwakilishwa. Askari waliopanda farasi waliwaingilia kwa panga. Zaidi ya watu kumi walikufa na mamia wakajeruhiwa. Mwaka ule ndipo “Radical” lilipozagaa kama jina la watu, na wakubwa walilitamka kama mtu anavyotaja nyoka usiku. Old Sarum iliondolewa wabunge wake mwaka wa 1832 na Manchester ikapata wake. Waliolia juu ya mzizi walikuwa na haki. Lakini jina lilikwisha kunuka.

Tazameni ilivyokuwa. Wenye mamlaka walipoguswa mzizini walisikia uchungu, na kwa kuwa walisikia uchungu wakasema anayegusa ni mkali. Tangu hapo neno lina maana mbili zinazotembea pamoja kama kivuli na mtu: la mzizi, na la kupita kiasi. Hata hivyo halikuwa kali kila mahali. Ufaransa walianzisha chama cha Radikali mwaka wa 1901, na baada ya miaka si mingi kikawa kimekaa katikati ya siasa zao, kimepoa kabisa.

Sasa tuje nyumbani, maana huku ndiko nilikochoma wali.

Kiswahili kilipolipokea jambo hili kupitia vyombo vya habari, kilipokea kivuli kikamwacha mtu. Tukapata “siasa kali”, “msimamo mkali”, “itikadi kali”. Neno “kali” lenyewe silitukani. Ni neno lenye kazi nyingi: jua kali, kisu kikali, pilipili kali, mwalimu mkali, akili kali. Vijana wa mtaani wakimsifu mwimbaji husema huyo ni mkali. Lakini katika maana zake zote kali hueleza kiasi, yaani kitu kimezidi kuwasha, kuchoma au kukata. Halisemi kabisa kitu kimetoka wapi. Na “radical” kazi yake ya kwanza ni kuuliza hilo tu: hili limetoka wapi?

Kinachoniuma ni kwamba hatukukosa maneno. Mizizi tunayo tele. Magazeti yetu husema ufisadi umekita mizizi, na tabia mbaya ikizoeleka tunasema imeota mizizi. Viongozi wa vijijini tunawaita wa mashinani. Mwingereza husema mizizi ya nyasi, sisi tukachagua shina la mti, na kwa maoni yangu chaguo letu lina kivuli kizuri zaidi! Tuna chanzo na kiini. Tuna chimbuko, linalotokana na kuchimbua, kazi ya mtu mwenye jembe.

Na juu ya yote tuna “asili”. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hili ndilo lililonikosesha usingizi mimi, zamu yangu baada ya shangazi. Asili tumelipata kwa Kiarabu, “asl”, na maana yake ya awali ni mzizi au shina. Wenzetu wanaosoma Dini ya Kiislamu wanajua elimu ya usuli, yaani mizizi ya sheria. Kwa hiyo “asili” na “radical” ni picha moja katika lugha mbili. Lakini ona zilivyoachana! Mwingereza akisikia mtu wa mzizi anamwona mvunjaji, anayetaka kubadilisha kila kitu. Mswahili akisikia mtu wa asili anamwona mhifadhi, mwenye kushika mila, mavazi ya asili, vyakula vya asili, dawa za asili. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Lugha moja imeutazama mzizi ikaona kitu cha kung'oa, nyingine ikaona kitu cha kushikilia.

Nani yuko sahihi? Mimi naona wote wawili, na ndiyo maana sipendi kuchagua. Mkulima akichimba mpaka mzizini huenda akakuta funza akaung'oa mmea wote. Huenda pia akakuta mzizi ni mzima na tatizo ni maji tu. Hawezi kujua kabla ya kuchimba. Lakini mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba kuchimba ni ukali hatachimba. Atakaa juu juu, atapogoa majani, atafunga mifereji kwa kufuli.

Hili si jambo la Kisauni peke yake. Mara ngapi katika midahalo yetu hapa mtu akiuliza swali la mzizi anazomewa kuwa ni mkali? Muhula uliopita mwenzetu aliuliza kwa nini tuna siku maalumu za kusema Kiswahili badala ya siku zote. Nusu ya ukumbi ikapiga kelele “Siasa hizo!” Hakuwa mkali hata chembe. Sauti yake haikufika hata safu ya nne. Aliuliza jambo la mzizi kwa upole, nasi hatuna kikapu cha kutilia jambo la mzizi lililosemwa kwa upole, kwa hiyo tukalitia katika kile cha ukali.

Kuna watakaonipinga, na mmoja wao ni mlezi wa chama mwenyewe. Anasema maana ya neno haiamuliwi na babu yake, huamuliwa na wanaolitumia leo. Kalamu, asema, limetoka katika neno la tete, ule unyasi wa kandokando ya maji uliochongwa kuandikia. Mtu akikuomba kalamu ya kufanyia mtihani, utamkatia tete? Hapo alinibana kweli kweli, nami nakubali. “Radical” la leo katika habari za dunia lina maana ya kupita mipaka, na anayetangaza habari za watu wanaowaua raia hawezi kusema ni watu wa mizizi. Atachekwa.

Lakini nami nina jibu. Mwingereza anapolisikia neno lake, maana zote mbili zinakuja, na yeye huchagua kufuatana na mahali lilipotumika. Mfasiri hana raha hiyo. Mfasiri lazima achague moja na kuitupa nyingine, na mama aliyeketi juu ya mbuzi hataiona kamwe ile iliyotupwa. Kwa hiyo kama tunachagua, tuchague tukiwa macho. Wanaoshambulia watu tuendelee kuwaita wa itikadi kali, linawafaa. Sioni hata mzizi waliowahi kuugusa. Wanakata matawi, na watu wameyakalia. Ila mwanafunzi anayefuata bomba, daktari anayetafuta chanzo cha ugonjwa badala ya kutuliza homa, au mwananchi anayeuliza sheria fulani ilitoka wapi, hao wasitiwe katika gunia hilo kwa uvivu wetu.

Tuwaite nini basi? Tumebishana chamani vipindi viwili na hatujaafikiana. Wengine wanataka “-a kimsingi”. Mimi sipingi, ila msingi ni picha ya nyumba. Huo ni mwenzake “fundamental”, nalo limetoka katika Kilatini cha msingi wa jengo. Msingi huwekwa na fundi siku moja, ukakaa pale pale. Mzizi unaishi, unakua gizani, unaweza kuoza au kupasua ukuta. Nilipendekeza “mabadiliko ya mizizi”, wakaniambia linanukia kibanda cha mganga. Pengine. Mlezi anaelekea kwenye “kuchimbua”: fikra za kuchimbua, mabadiliko ya kuchimbua. Kidato cha Kwanza walimpigia makofi, lakini hao humpigia makofi kila anayewapa chai.

Mimi nimekwisha kuamua langu. Agosti nilirudi Kisauni. Shangazi huweka ripoti zote za binamu yangu katika mkebe wa biskuti juu ya kabati, tangu za chekechea. Nilimwomba ile ya Aprili. Nikachukua penseli, nikaandika chini ya yale maneno matatu: “Ni mwenye fikra za kuchimbua jambo hadi mzizini.” Nilitumia penseli kwa makusudi, manake chama hakijapitisha.

Shangazi alivaa miwani, akasoma kwa sauti mara mbili. Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, “Na hilo bomba, walilitengeneza?”

Binamu yangu alikuwa mlangoni anajipangusa mchanga wa pwani. Ndiyo mara ya kwanza aliposema nami tangu Aprili.

“Walinunua tangi la pili,” akasema.